Msomaji Mmoja kwa Watoto Elfu Arobaini

Mzee Eliakunda Mchome alikuwa mwana wa Mwalimu Zefania, aliyekuwa mwana wa Mwinjilisti Elinihaki, aliyekuwa mwana wa Mchome wa Mrungwi, mtu wa kwanza katika upande ule wa milima ya Upare kuziita herufi kwa majina yake. Katika vizazi hivyo vyote hakutokea mtu aliyeitwa barazani kujibu shtaka, wala aliyevunja ahadi iliyotolewa mbele ya mashahidi, wala aliyefungua kitabu kabla ya kunawa mikono. Mzee Eliakunda aliyaeleza hayo kwa kila mgeni kabla hata mgeni hajapewa kiti. Ndivyo alivyomweleza binti yake mwenyewe, Nakiete, asubuhi ile alipopanda kutoka mjini kwa gari la waya linaloning’inia juu ya bonde, ingawa Nakiete alikuwa ameyasikia tangu yu mgongoni mwa mama yake.

“Nayajua, Baba,” Nakiete alisema. “Na hayo ndiyo yaliyonileta.”

Alikuwa mhandisi katika Taasisi ya Kilemba. Akafungua mkoba, akaweka mezani kitambaa cha kijivu kilichokunjwa vizuri, chenye nyuzi nyembamba zilizometameta. Mzee alikitazama jinsi mtu anavyotazama kiatu kilichowekwa juu ya meza ya chakula.

“Kiondoe,” alisema. “Nimekwisha kuwaambia watu wa Taasisi yenu mara tatu. Mimi sinyweshwi kitabu kama ndama.”

“Hiki hakinyweshi, Baba. Hiki kinapokea.”

Kwa miaka ishirini na mitano vitabu vilikuwa vikimiminwa. Mtoto alivikwa kilemba, akahesabu pumzi mia tatu, akakivua akiwa na kitabu kizima kichwani: majina ya watu, miaka, mafunzo, hata mahali pa nukta. Mitihani ikawa myepesi kama kutaja siku za juma. Maktaba ya shule ya Mrungwi ikageuzwa ghala la mbegu, na siku rafu zilipotolewa nje, Mzee Eliakunda, aliyekuwa mwalimu mkuu, aliweka funguo za ofisi juu ya meza, akaaga, akaenda zake. Tangu hapo alisoma peke yake, kwa macho, kila asubuhi, na kijiji kilimwacha asome kama kinavyomwacha mtu mwenye kikohozi chake.

“Mtazame Namkunda,” Nakiete aliendelea. Namkunda alikuwa binti yake, mwenye miaka kumi na mmoja, aliyepanda kila siku kusoma shule ya Mrungwi. “Ana vitabu mia tatu na kumi na viwili kichwani.”

“Nimemtazama. Mwezi uliopita nilimwuliza ni kipi anachokipenda. Unajua alinijibu nini?”

“Nini?”

“Aliniambia, ‘Kupenda vipi, Babu?’ Kwa adabu kabisa. Kama niliyemwuliza ni kidole kipi cha mguu anachokipenda.”

Nakiete hakucheka. Alieleza polepole, kwa heshima, kama mtu anayepanga vyombo vya udongo. Taasisi ilikuwa imekiri kosa lake. Ilitaka watoto warudi kusoma kwa macho, lakini kila walipowekewa ukurasa mbele yao, kufikia mstari wa tatu walikuwa wanatafuta dirisha. Hawakujua utamu wa kusoma uko upande gani. Ndipo kilemba kipya kilipobuniwa. Msomaji wa kweli angekivaa akisoma. Nyuzi zingenasa kila mahali jicho lake lilipotua, pumzi ilipokatika, moyo ulipochangamka, na sehemu ipi ya ubongo ilipata joto wakati huo. Huo mnaso waliuita nyayo. Kisha mtoto angevaa kilemba chake na kukisoma kitabu kilekile kwa macho yake mwenyewe, na nyayo zingemwongoza: zingempa joto palepale.

“Tumetafuta wasomaji kanda nzima, Baba. Tumepata kumi na mmoja wanaosoma kwa macho kila siku. Tisa husoma ili wapate usingizi. Mmoja husoma Maandiko tu, na amekataa. Umebaki wewe.”

Mzee aliinyoosha kola ya shati lake. “Hao watoto watakuwa wangapi?”

“Mwaka wa kwanza, elfu arobaini.”

Mzee Eliakunda hakuuliza jambo la pili. Aliinuka, akaenda kunawa mikono.

*

Alisoma vitabu kumi na kimoja kwa asubuhi sitini. Aliketi kwenye kiti cha mgongo ulionyooka, akausoma ukurasa wa kwanza kwa sauti akiwa amesimama, maana aliona ni utovu wa adabu kuingia katika kitabu bila hodi. Baada ya kurasa nne alikifunga, akaketi dakika moja bila kufanya lolote, ndipo akakifungua tena. Alipokuwa mtoto, wanafunzi saba waligawana kitabu kimoja katika benchi moja: kurasa nne, kisha unampisha mwenzako. Miaka sabini ilikuwa imepita na hapakuwa tena na mtu wa kumpisha, lakini mikono yake haikuwa imearifiwa.

Wiki ya tatu ya majaribio shuleni Mrungwi, alialikwa kuja kuona. Wanafunzi thelathini walikuwa wameketi na vilemba vyao, Namkunda katikati yao, kila mmoja na kitabu kilichochapwa upya. Mzee aliketi nyuma na daftari.

Ukurasa wa kumi na saba, watoto thelathini walicheka kwa pamoja. Ukurasa wa ishirini na mbili wote walishusha pumzi. Ukurasa wa thelathini wote waliinua nyusi, nusu ya dhihaka na nusu ya heshima, namna ileile ambayo Mzee alikuwa akiinua zake kwa kila msemaji anayejisifu katika hadithi.

Mtu mwingine huenda angeshtuka. Lakini Mzee Eliakunda alikuwa amefundisha ufahamu kwa miaka thelathini na mmoja, na katika ufahamu kila swali lilikuwa na jibu moja. Katika darasa bora aliloliona maishani mwake, watoto ishirini na sita kati ya arobaini walipata jibu hilo. Leo alikuwa ameona thelathini kati ya thelathini. Alirudi nyumbani ameibeba bakora yake begani, badala ya kujikongoja nayo.

Furaha ikahamia barazani kwake. Namkunda, ambaye zamani alikuja Jumapili tu na kuuliza mara mbili kama muda wa kuondoka umefika, sasa alikuja kila alasiri baada ya shule, kitabu kwapani. Kilemba hakukihitaji tena; baada ya siku kumi, alivyoeleza Nakiete, njia ndani ya kichwa hujikanyaga yenyewe.

“Shikamoo, Babu. Nimefika pale mjumbe anapoingia mlango usio wake.”

“Marahaba. Ukacheka?”

“Nilicheka mpaka mama akaja kuangalia nimepatwa na nini.”

“Umesoma vizuri,” Mzee alisema, na akageuza uso kidogo, maana hakuwa na mazoea ya kuonekana amefurahi.

*

Alasiri moja Namkunda alikuwa akimsomea kwa sauti hadithi ya mji mdogo na watu wake. Akafika mahali ambapo fundi cherehani, mtu asiye na umuhimu wowote katika kisa hicho, anaketi kazini. “Fundi akalamba ncha ya uzi,” alisoma, “akaipitisha katika tundu la sindano, akaanza kushona.”

Mzee alipoinua macho, aliona machozi yakimtiririka mtoto mashavuni.

“Una nini?”

“Sina kitu, Babu. Inasikitisha tu.”

“Kipi kinachosikitisha?”

Namkunda aliutazama ukurasa. “Uzi,” alisema, kisha akatikisa kichwa. “Sijui. Darasani tulilia wote hapo. Mwalimu alisema tuna vipaji.”

Mzee aliujua ukurasa ule. Miaka mingi nyuma mkewe, Bibi Naelijwa, alikuwa amelala wodini kwa wiki tatu, na yeye alikuwa akimsomea kitabu hiki hiki kila alasiri. Alipofika kwenye sindano, Naelijwa aliinua kidole kimoja, kama alivyofanya siku zote alipotaka mstari urudiwe. Akaurudia. Alipoinua macho kutoka ukurasani, kidole kilikuwa kimeshuka, na hakikuinuka tena. Namkunda wakati huo alikuwa hajazaliwa.

Mtoto alifuta machozi, akasoma mpaka mwisho wa ukurasa wa nne, akakifunga kitabu. Katika hadithi, mtu alikuwa ndiyo kwanza anabisha mlango wa fundi.

“Mbona umefunga?” Mzee aliuliza.

“Ndipo pa kufunga.”

“Hutaki kujua nani anabisha?”

“Nataka sana.”

“Sasa kwa nini umefunga?”

Namkunda alikigeuza kitabu mikononi, akakitazama mbele na nyuma kama mtu anayetafuta mahali alipoweka kitu. “Basi tu, Babu,” alisema hatimaye.

Hapo ndipo Mzee Eliakunda alipoelewa kile alichokishangilia kwa wiki nzima. Pale darasani hawakuwa watoto thelathini waliopata jibu. Alikuwa mtu mmoja tu, mzee, mjane, ameketi mara thelathini.

*

Nakiete alikuja Ijumaa. Kesho yake, Jumamosi, ulikuwa mkutano wa wazazi, na sheria ilitaka mwenye nyayo atie saini kwa mkono wake mbele ya mashahidi kabla hazijapelekwa shule nyingine. Mzee alimweleza binti yake habari ya sindano. Nakiete alishika tama.

“Sikujua kwamba ni ukurasa ule,” alisema.

“Hukuwa na namna ya kujua. Iondoe huzuni hiyo, ubakize mengine.”

“Haiondoki, Baba. Tumejaribu kwa mambo madogo zaidi. Furaha yako na huzuni yako hazikukaa kwenye makabati mawili. Ukicheka kwa mjumbe, unacheka kwa sababu unamfahamu mjumbe fulani, na huyo mjumbe ulimjua siku ulizokuwa na njaa, na njaa hiyo ina mambo yake. Ni mkeka mmoja. Nikichomoa ukindu huu, nabaki na matundu.”

“Na ukiziacha nyayo, zitakaa ndani yao mpaka lini?”

“Bila kilemba, miezi miwili. Njia huota majani. Tukiendelea kuwavisha, hazitoki.”

“Na zikitoka, Namkunda atabaki na nini?”

Nakiete hakutaka kusema, lakini alikuwa amelelewa katika nyumba ambayo swali halikuachwa bila jibu. “Atakuwa kama zamani. Huenda vibaya zaidi, kwa kuwa sasa anajua kipo kitu alichokikosa.”

Mzee aliondoka akazunguka shamba la iliki, akarudi, akazunguka tena. Akikataa, angemrudisha mjukuu wake kwenye lile neno lake, kupenda vipi. Akikubali, watoto elfu arobaini wangependa vitabu kwa moyo wa mtu wa miaka sabini na minane, wangelia mahali pasipo na cha kuliza, wangefunga kitabu mlango ukibishwa. Kulikuwa na jambo la tatu, nalo alilitazama bila kujionea huruma: alilipenda wazo la kutokufa. Kila alipofikiri juu ya hao elfu arobaini wakiinua nyusi zake, kitu ndani yake kilijinyoosha na kutabasamu, na hicho ndicho kilichompeleka kunawa mikono siku ile, wala si huruma kwa watoto.

*

Ukumbi wa shule ulijaa. Karatasi iliwekwa mezani, na kalamu juu yake. Mzee Eliakunda alisimama, akasema kwa maneno machache kwamba hatatia saini, na akaeleza sababu. Kisha Mama Nanzia, muuza mboga, mwanamke mwenye mabega mapana na sauti ya kusikika ng’ambo ya bonde, alisimama katika safu ya tatu.

“Mwalimu, shikamoo.”

“Marahaba.”

“Mimi ulinifundisha, na sikufundishika. Unanikumbuka.”

“Nakukumbuka vizuri.”

Watu walicheka kidogo. Yeye hakucheka. “Mwanangu Nanzia amenisomea kitabu, Mwalimu. Jikoni, nachambua mboga, ananisomea. Sijawahi kusomewa kitabu na mtu. Sasa wewe umekula umeshiba miaka yote hii, unasimama mbele ya wenye njaa unafunika sufuria.”

“Alilia wapi, alipokusomea?”

“Kwa fundi cherehani. Kwenye sindano.”

“Alikuwa akimlilia mke wangu.”

Wengi mle ndani walikuwa wamemzika Bibi Naelijwa. Mama Nanzia aliinamisha kichwa kwa heshima, lakini hakuketi.

“Basi na amlilie,” alisema. “Alikuwa mama mwema. Mtoto kumlilia marehemu kuna ubaya gani?”

Katika usiku wote wa kujiandaa Mzee hakuwa amelifikiria hilo, naye hakuwa mtu wa kujifanya analo jibu. Alisimama akiwa ameishika bakora kwa mikono miwili.

“Hakuna ubaya,” alisema mwishowe. “Lakini amlilie akijua ni nani. Nanzia anadhani analilia uzi. Mimi ukurasa ule niliupata kwa njia ngumu, nao ni wangu. Nataka Nanzia awe na wake. Nyayo zangu zikikaa ndani yake, wake hautapata mahali pa kukaa.”

“Na asipoupata?”

“Hapo nitakuwa nimekosea, na utaniambia mbele ya watu kama hivi. Kila siku ya shule, saa ya kwanza, nitakuwa darasani. Hakuna kilemba. Macho na kitabu tu.”

“Watasinzia,” Mama Nanzia alisema, akaketi.

Walisinzia. Mwezi wa kwanza walisinzia, wakakwaruza madawati, wakaomba ruhusa ya kwenda chooni mmoja baada ya mwingine kana kwamba wamekula kitu kibovu. Mzee aliwachagulia vitabu bora, vile alivyovipenda mwenyewe, na akaona nyayo zikififia siku kwa siku: kicheko cha ukurasa wa kumi na saba kikawa tabasamu, kikawa mwayo. Nakiete aliondolewa kazi ya kilemba alichokihangaikia kwa miaka tisa, akapewa nyingine ndogo. Hakulalamika mbele ya baba yake, na hilo lilimwumiza Mzee kuliko kama angelalamika. Wiki ya saba Namkunda alikiweka kitabu mezani, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

“Hakuna kitu humu, Babu,” alisema. “Zamani kilikuwepo. Umeninyang’anya.”

Kisha akaacha kuja barazani.

*

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Nakiete alimkuta baba yake ameketi mbele ya rafu yake amekunja mikono.

“Unawasomesha vitabu vyako, Baba,” alisema. “Humo nyayo zako zilipita. Sasa zimekauka, na wao wanatembea wakitafuta kitu kilichokwisha kuondoka. Wanahitaji kitabu ambacho wewe hujawahi kukisoma.”

“Katika nyumba hii hakuna kitabu nisichokisoma.”

Mara baada ya kusema hivyo akakumbuka kwamba haikuwa kweli. Chini ya kitanda cha chumba cha wageni lilikuwemo sanduku la bati. Katika miaka yake ya ualimu mkuu, Mzee Eliakunda alikuwa amewanyang’anya wanafunzi vitabu walivyovificha chini ya madawati: visa vya wapelelezi, vya mapenzi, vya majini yanayopanda pikipiki, vijitabu vyenye majalada ya rangi kali ambavyo aliviita takataka bila kuvifungua. Kwa kuwa alikuwa mtu mwadilifu, hakukichoma hata kimoja. Kila kimoja alikibandika karatasi yenye jina la mwanafunzi, darasa, tarehe na adhabu, akidhamiria kuvirudisha kwa wazazi, na hakuna mzazi aliyewahi kuja.

Walilivuta sanduku mpaka sebuleni. Vilikuwa sitini na vitatu. Nakiete alikuwa akivipanga mezani, mara akasimama na kimoja mkononi. Jalada lilikuwa na mwanamke mwenye bastola, nyuma yake treni inawaka moto. Kwenye karatasi iliyobandikwa palikuwa na mwandiko wa baba yake, herufi zimelala upande mmoja kama askari: *Nakiete Eliakunda. Darasa la Saba. Viboko vinne.*

“Nilibakiza kurasa kumi na mbili,” alisema.

Mzee alilitazama jina lile. Kumbukumbu ilikuja yote kwa pamoja: dirisha la darasa, wanafunzi wamekaa kimya, yeye ameamua binti yake asipendelewe hata kidogo. Binti huyohuyo alikuwa ameumaliza ujana wake akitengeneza mtambo wa kunasa utamu wa kusoma, na alikuwa ameutafuta utamu huo kanda nzima, akaja kuuazima kwa mtu aliyemwondolea wake.

“Mama,” alisema, na kwa kuwa hakuwahi kumwita binti yake hivyo tangu akiwa mchanga, Nakiete aligeuka. “Nilikukosea. Si kwa viboko peke yake. Nilikukosea kwa sababu sikukiuliza kitabu kina nini, wala sikukuuliza wewe.” Akakibandua kikaratasi, akakikunja, akakitia mfukoni mwake. “Keti. Zimalize.”

Nakiete aliketi sakafuni kama mwanafunzi. Alisoma ukurasa wa kwanza kati ya kumi na mbili, akasonya. Wa pili, akaweka mkono mdomoni. Namkunda, aliyekuwa amekuja kwa kulazimishwa na alikuwa akichezea ufagio mlangoni, alisogea.

“Mama, unacheka nini?”

“Huyu mwanamke ni mwongo. Miaka thelathini nimekuwa nikimwamini.”

“Kakudanganyaje?”

“Siwezi kukuambia. Nitakuharibia.”

“Niambie kidogo.”

“Anza mwanzo, kama watu wengine.”

Namkunda alikichukua kitabu mama yake alipokimaliza, akatoka nacho nje. Makande yalipopakuliwa, hakuja. Mzee alichungulia dirishani akihesabu kurasa zikigeuzwa: nne, tano, sita, tisa. Mara mtoto akacheka peke yake, kicheko kifupi cha puani ambacho Mzee hakukitambua. Hakikuwa chake, hakikuwa cha Naelijwa, wala hakikuwa cha mtu yeyote wa ukoo.

Jumatatu jioni alikiomba kitabu hicho, akakisoma. Alikiona kibaya. Namkunda alipokuja kukidai, alimweleza hivyo, kwa hoja tano.

“Hukukielewa, Babu,” Namkunda alisema.

Hakuna mtoto aliyewahi kumwambia neno hilo. Mzee alisogeza kiti. “Nieleweshe,” alisema, na walibishana mpaka Nakiete alipokuja kumchukua mwanawe.

*

Siku iliyofuata sanduku lilipelekwa shuleni. Mzee Eliakunda aliliweka juu ya meza ya mwalimu, akasema kila mmoja achague. Mtoto mmoja alirudi baada ya kurasa tatu.

“Mwalimu, hiki kinachosha.”

Zamani neno kama hilo lingekuwa na tarehe na adhabu. Mzee alimsogezea sanduku. “Kirudishe. Chukua kingine.”

Wiki ya tano baada ya hapo, kati ya watoto thelathini, kumi na wanne walikuwa wakisoma bila kusukumwa. Wanane walisoma siku nyingine, siku nyingine hawakusoma. Waliobaki walikuwa bado wanatafuta dirisha, na Mzee aliwaacha walitafute, huku akiwabadilishia vitabu kila asubuhi. Nanzia alikuwa amepata kitabu cha majini na pikipiki. Mama yake alimsimamisha Mzee njiani, ndoo ya mboga kichwani, akamwambia kwamba mwanawe amemsomea tena.

“Alilia wapi?” Mzee aliuliza.

“Hakulia. Aliogopa. Akanihamia kitandani, Mwalimu, pamoja na urefu wake wote.”

Asubuhi ile ile, saa ya kwanza, zogo lilizuka katika safu ya mbele. Namkunda na Nanzia walikuwa wamesoma kisa kimoja cha mpelelezi, mmoja akadai mpelelezi yule ni mjinga, mwingine akadai anajifanya mjinga kwa makusudi. Watoto wa nyuma walinyoosha shingo kusikiliza. Wawili waliokuwa wakisinzia walitaka kujua kitabu chenyewe kiko wapi. Mzee Eliakunda aligonga meza kwa bakora mara moja, na darasa likatulia, maana mkono ule ulikuwa bado na uzito wake.

“Simameni wima,” alisema, “mnisikilize vizuri, kwa kuwa sirudii. Mimi ni mwana wa Zefania, na nyumba yetu imesoma vizazi vinne. Niliwahi kudhani kwamba kwa sababu hiyo nina haki ya kuwasomea nyinyi mpaka ndani ya vifua vyenu. Sina. Nina haki ya kuwadai mambo mawili, nami nawadai. Mikono iwe safi. Na mtu akikipenda kitabu au akikichukia, asiniambie ‘basi tu’. Aniambie sababu, kwa sauti, akinitazama usoni, hata kama sababu hiyo itanionyesha mimi kuwa nimekosea. Atakayedharau hilo atanijua mimi ni nani. Ketini. Wewe Nanzia unayesema mpelelezi si mjinga, baki umesimama, utuoneshe ukurasa. Na nyinyi wengine wote tegeni masikio, mwenzenu anasema.”